Sanduku la Kurutu Elsie

Redio ya Kifua hutundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa karakana yake, na haisemi neno la maana mpaka ipigwe kofi. Jumapili hiyo, saa saba mchana, aliyeipiga kofi alikuwa Sajini, na heri angeuweka mkono wake mfukoni.

"...makurutu wote waliofaulu wanatakiwa kuripoti kesho asubuhi," redio ikasema, "wakiwa na vyeti vyao halisi na mkoba mmoja mdogo. Magodoro, ndoo na masanduku hayataruhusiwa kupita langoni. Wazazi nao wanaombwa wasiwasindikize watoto wao hadi kambini, kwa kuwa safari iliyopita mzazi mmoja alikataa kuondoka mpaka aonyeshwe kitanda."

Kisha ikarudi kukoroma.

Benchini watu wakageuza vichwa polepole, wakalitazama sanduku.

Lilikuwa limewekwa juu ya mawe mbele ya karakana ili rangi ya pili ya kifuniko imalize kukauka. Sanduku la bati, kijani kibichi kama majani ya maharagwe, pembe zimezibwa kwa vyuma, bawaba tatu badala ya mbili, na vishikio vya kubebwa na watu wawili wenye afya. Kurutu angeweza kulala humo ndani na abaki na nafasi ya kugeuka ubavu. Kando yake alisimama mwenye sanduku, suti ya harusi yake mwilini, tai shingoni, na doa la rangi ya kijani kwenye makalio kwa sababu alijaribu kulikalia kabla halijakauka.

Huyo ndiye Kifua. Wazazi wake walimwita Omolo, lakini hapa Kariobangi ukiuliza Omolo utaoneshwa watu kumi na moja wasiokuhusu. Ukitaka sanduku la bati la mtoto anayekwenda bweni, unaulizia Kifua. Mfumo wa elimu umebadilishwa, vitabu vimebadilishwa, sare zimebadilishwa, lakini kila Januari mzazi anakuja pale pale kununua sanduku lile lile. Na mchana huo Kifua alikuwa na tiketi mbili za basi la Eldoret mfukoni, moja ya binti yake Elsie aliyechukuliwa jeshini, na nyingine yake yeye mwenyewe, msindikizaji.

"Piga tena," akasema. "Haijasema vizuri."

Sajini akaipiga tena. Redio ikaimba tangazo la mbolea.

"Imesema vizuri," akasema Wakili. "Tena imesema kwa mpangilio. Godoro, ndoo, sanduku, halafu wewe. Kisheria hapo hakuna mwanya."

"Sheria wewe umesomea wapi?"

"Nimekuwa shahidi kortini. Kesi ya kuku. Hakimu mwenyewe aliniambia nikae chini mara tatu. Mtu wa kawaida huambiwa mara moja."

Wakili ni Kinyanjui, muuza makufuli, misumari na bawaba kwenye kibanda kilichoegemea karakana ya Kifua. Kibanda hicho kikiondolewa karakana inaanguka, na karakana ikiondolewa kibanda kinaanguka, kwa hivyo wawili hao wamekosana mara nyingi lakini hawajawahi kuachana.

"Usijali, Kifua," Sajini akasema. "Mimi hawa watu nawajua. Lugha yao naijua. Ukifika kwa gate unapiga saluti, unasema, 'Afande, mzigo!' Anafungua."

"Na akiuliza mzigo gani?"

"Unapiga saluti ingine."

Sajini, jina la kuzaliwa Wabwire, ni mlinzi wa usiku kwenye bohari moja kule Industrial Area. Ana filimbi, ana rungu, na ana jaketi zito la kampuni ambalo halivui hata jua likiwaka, kwa imani kwamba siku akilivua watu watasahau cheo chake. Yeye ndiye aliyejiteua mkufunzi wa Elsie tangu siku msichana alipofaulu.

"Walahi nyinyi mtafungwa," akasema Balozi, akimimina chai ya tangawizi kutoka juu ili ipate povu. "Mtashikwa hapo kwa gate, niende mimi na birika kuwatoa."

Balozi ni Barre, mwenye meza ya chai inayolipa benchi hili maana. Amepewa ubalozi kwa sababu ndiye anayesuluhisha ugomvi, na husuluhisha kwa kunyima chai upande wenye kelele.

Kifua hakucheka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kifuniko ambacho hakikuwa na vumbi.

"Wasee, hamjaelewa," akasema. "Hii si boksi ya kawaida. Hii nimeipima na tochi." Ndivyo anavyofanya kazi: sanduku likiisha, huweka tochi inayowaka ndani, hufunga kifuniko, kisha hujifunika blanketi kichwani na kulikagua gizani kiungo kwa kiungo. Mwanga ukipenya hata kwa tundu la sindano, anarudia kulehemu. "Hii hata mwanga hautoki. Eldoret kuna mvua. Kuna baridi. Mtoto ataweka vitu zake wapi?"

"Kwa mkoba mdogo," akasema Wakili.

"Mkoba mdogo ni wa nani? Ni wa mtu anaenda matembezi!"

"Buda, sikiza. Tulikunje."

"Utakunjaje sanduku?"

"Basi tuliandikishe," akasema Balozi.

Wakamtazama.

"Si mnataka lipite? Liandikishwe kama kurutu. Angalia: urefu liko nao. Kifua liko nacho. Miguu halina, kwa hivyo haiwezi kuwa bapa. Meno halina, kwa hivyo hakuna pengo. Halina mama wa kulifuata uwanjani. Hilo boksi, kusema ukweli, lingefaulu kuliko sisi wote hapa."

Benchi likacheka mpaka debe moja la rangi linaloshikilia ubao likahama. Kwa sababu hapo Balozi alikuwa amesema kweli tupu. Wote wanne, kila mmoja kwa wakati wake, walikwenda kujaribu jeshi, na wote wanne walirudi kula chakula cha mchana nyumbani.

"Yangu ilikuwa bahati mbaya," akasema Sajini.

"Yako ilikuwa mbio," akasema Wakili.

"Mbio nilikimbia! Tena nilikimbia sana! Walisema fuata wa mbele, nikafuata wa mbele. Sasa mimi ningejua aje wa mbele amekata tamaa anaenda kwao?"

"Mlifika wapi?"

"Tulifika kwao. Mama yake akanipa uji. Watu wazuri sana."

"Mimi nilikuwa nimemaliza kila kitu," akasema Wakili. "Nimebakisha meno. Nilikuwa na meno thelathini na mbili, meupe, unaweza soma nayo usiku. Sasa kwa laini mbele yangu kulikuwa na msichana, ana soda, hana kifungulio."

"Ukamfungulia."

"Mwanaume unafanya nini? Nikamfungulia. Jino likabaki kwa kifuniko. Daktari ananiambia fungua mdomo, damu hii hapa."

"Na msichana?"

"Alichukuliwa. Siku hizi ni kepteni. Sijui kama bado anakunywa soda."

Balozi akaweka birika chini. Kisa chake kila mtu alikijua, lakini kisa cha benchi hakichakai kwa kusimuliwa. "Mimi mama yangu Batulo alikuja uwanjani na mwavuli. Nimesimama na wanaume mia, tumevua mashati. Akapita katikati ya maofisa kama anapita sokoni, akanishika sikio. Ofisa akasema, 'Mama, huyu amefaulu.' Akamwambia, 'Hata duka linamngoja.' Mimi peke yangu Kenya hii ndiye nimetoroka jeshi kabla ya kuingia."

Wakamgeukia Kifua. Kwa kawaida hapo ndipo yeye husimulia chake, kile kilichompa jina. Enzi hizo walikuwa wakipima kifua kwa utepe, na Omolo kijana, aliyekuwa mwembamba kama fito ya kuangulia maembe, aliambiwa na wajuaji wa mtaa kwamba dawa ni kuvuta pumzi na kuibana. Akavuta. Shida ni kwamba aliivuta pindi tu alipouona utepe, na utepe ulikuwa bado watu wengi mbele. Akasimama kifua mbele, macho yakitoka, akingoja zamu yake bila kupumua. Alipozinduka alikuwa kwenye nyasi, viatu vyake vimeibwa, na zoezi limekwisha.

Lakini leo Kifua hakusimulia. Aliendelea kufuta sanduku.

"Kwani leo umenuna?" Sajini akauliza.

"Sijanuna."

"Ni boksi tu, ndugu yangu. Utauza. Januari haiko mbali."

"Hii haiuzwi!"

Alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye. Mama muuza mboga ng'ambo ya barabara aliinua kichwa, akamwona Kifua katika suti, akafikiri ni mambo ya matanga, akarudi kwenye sukuma yake.

Wanaomjua walijua. Kinyozi hajinyoi. Mtaa huu umejaa watoto waliokwenda bweni na masanduku ya Kifua, wengine sasa ni walimu, mmoja ni daktari wa macho. Elsie wake alipita mtihani vizuri kuliko wengi wao, akaitwa shule ya bweni, akaenda shule ya kutwa, kwa sababu zile zile ambazo watoto wa Kariobangi huenda shule ya kutwa. Hakulia. Alikuja karakanani Januari hiyo akamsaidia baba yake, maana alikuwa na mwandiko mzuri na baba mwandiko wake ni wa kuku aliyepigwa. Elsie ndiye aliyechora majina ya watoto wengine kwa rangi nyeupe, sanduku baada ya sanduku, kisha Jumatatu akaenda shule yake na vitabu kwenye mfuko wa nailoni. Jambo hilo lilimkaa Kifua rohoni kama mfupa wa samaki, halishuki wala halitoki. Aliposikia binti amechukuliwa jeshini na atalala kambini miezi mingi, wazo la kwanza lililomjia halikuwa vita wala bunduki. Aliwaza: sasa anaenda bweni.

Basi akaunda sanduku. Jina aliliandika mwenyewe, kwa siri. Alianza na herufi kubwa, KURUTU ELSIE AOKO OMO, na hapo bati likaisha.

"Sasa Omo ni nini?" Wakili alikuwa ameuliza Ijumaa. "Umemwandikisha sabuni?"

Leo hata hilo hawakulirudia.

"Sawa," akasema Balozi, kwa sauti ya kusuluhisha. "Boksi haliendi. Lakini msichana hawezi kwenda mikono mitupu. Tumpe ushauri. Ushauri hauna uzito, hauonekani kwa gate."

"Hapo umesema," Sajini akasema, akisimama. "Mimi wa kwanza. Kurutu lazima alale na viatu."

"Atachafua shuka."

"Hakuna shuka! Jeshini unalala ukiwa umesimama kidogo. Na chakula: unakula kikiwa moto, bila kutafuna. Nimemzoesha."

Alikuwa amemzoesha kweli. Wiki zote hizo Sajini akitoka zamu alipitia ploti ya kina Elsie alfajiri na kupiga filimbi chini ya dirisha. Wapangaji wote waliamka. Mzee wa ghorofa ya pili alishuka na mikono juu akidhani ni msako. Elsie peke yake hakuamka, kwa sababu saa hiyo alikuwa tayari amekwenda kukimbia. Mara moja benchi zima liliamua kukimbia naye ili kumtia moyo. Waliishia barabara ya Outer Ring. Wakili alirudishwa kwa bodaboda, amelala tumboni kwenye kiti kama gunia la makaa, akisema kwamba kisheria amemaliza.

"Ushauri wangu mimi," akasema Wakili, "ni moja. Asifungulie mtu soda."

"Huo ndio ushauri?"

"Huo umenigharimu jino na kepteni. Wewe ulidhani ni wa bure?"

"Na akiulizwa swali," Sajini akaendelea, "asijibu haraka. Ukijibu haraka wanajua una akili, wanakupa kazi ya ofisi. Ukichelewa wanajua huna, wanakupa jembe. Lazima ujibu katikati."

"Katikati ni wapi?"

"Hapo ndipo sikufika."

"Ampigie mama yake simu kabla mama hajafuata mwenyewe," akasema Balozi. "Na kila mwavuli nyumbani ufichwe."

"Asifuate wa mbele."

"Na akifuata wa nyuma?"

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema Kifua, bila kugeuka.

"Wewe ndiye mwenye madebe hapa, buda."

Ndipo Sajini akapiga filimbi, fupi, akasimama wima. "Kurutu anakuja!"

Elsie alikuwa anavuka barabara. Amevaa suruali ya jinzi na sweta ya kijivu, raba miguuni, na begani mkoba mdogo mweusi ambao hata kuku mzima asingeingia. Lakini si mkoba uliomfanya Kifua aache kufuta. Kichwa cha Elsie kilikuwa kimenyolewa. Nywele zote, zile ambazo mama yake alizisuka kila Jumamosi tangu akiwa mdogo, zimekwisha. Masikio yamejitokeza pande zote mbili, na Kifua akaona yalikuwa masikio ya marehemu mama yake yeye Kifua, na miaka yote hiyo hakuwa amejua.

"Niaje wazee wa base," akasema Elsie, akilisalimu benchi zima.

"Kurutu!" Sajini akapiga saluti iliyomwaga chai ya Wakili. "Pumzika!"

"Nimepumzika, Mzee Sajini."

"Pumzika zaidi!"

Wakamvamia wote kwa pamoja. Viatu kitandani, soda, wa mbele, mwavuli, ugali bila kutafuna. Elsie alisikiliza kwa adabu, akitikisa kile kichwa kipya kwa kila mzee kwa zamu, kama mtu anayepokea rambirambi. Walipoishiwa pumzi, akauliza taratibu, "Na nyinyi wote, mkijumlishwa, mlikaa jeshini muda gani?"

Benchi likafikiri.

"Ukijumlisha na uji," Sajini akasema, "kama saa tano."

Elsie akacheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu alikuwa amefika mbele ya sanduku. Alisoma jina lake. Alipitisha kidole kwenye bawaba, moja, ya pili, ya tatu. Mtoto wa fundi anajua kazi akiiona.

"Umesikia redio?" Kifua akamuuliza.

"Sijasikia. Lakini walituambia siku ile ile uwanjani, Baba. Mkoba mdogo peke yake."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Kila asubuhi nikitoka kukimbia nilikuwa nasikia nyundo. Mama akasema, mwache amalize kwanza." Akamkazia macho. "Na huwezi kuja na mimi. Nilitaka kukuambia jana, nikakuona unapiga suti pasi."

Suti ikawa nzito ghafla. Kifua alitaka kusema kwamba haidhuru, kwamba ni bati tu, kwamba ataliuza. Lakini aliona aibu kwa ajili ya sanduku, ukubwa wake na ukijani wake, na kwa ajili ya mtu mzima aliyepima mvua ya Eldoret kwa tochi bila kuuliza mtu yeyote wanajeshi hulala vipi.

"Lilikuwa la ile Januari," akasema mwishowe. "Limechelewa kidogo."

Hata Wakili hakuona mwanya.

Elsie aliweka mkoba chini. Aliingia karakanani, na wakamsikia akipekua pale anapopekua tangu utotoni, akatoka na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Akachuchumaa. Chini ya OMO, pale pembeni penye nafasi ya kidole, akachora LO, ndogo, iliyonyooka, mwandiko ule ule wa masanduku ya watoto wengine. Akapuliza ikauke.

Kisha akafungua kifuniko. Akavua sweta ya kijivu akaikunja, akaiweka ndani. Akavua bangili ya shanga, akavua hereni. Akatoa kwenye mkoba kitambaa cha kichwa cha mama yake na simu yake kuukuu, iliyozimwa, akavipanga juu ya sweta.

"Kule nguo za raia zinakaa bure mpaka siku ya paredi ya kuhitimu," akasema. "Na simu hatukubaliwi. Acha vikae hapa. Nikimaliza nitakuja kuvitoa mwenyewe. Boksi ya bweni si ni ya kuweka vitu zako?"

Balozi alijipangusa uso kwa kitambaa cha birika, akasema moshi wa jiko umezidi. Akaleta mfuko wa iliki akautia ndani, ati nguo zisinuke bati. Wakili akaenda kibandani akarudi na kufuli kubwa la shaba, lile linalofunga kibanda chake.

"Utafunga na nini leo?" Sajini akamuuliza.

"Kuna nini cha kuibwa? Mwizi akiingia nitamwachia na mimi mwenyewe." Akamgeukia Elsie. "Lina ufunguo mmoja tu, wa pili ulipotea. Kisheria, sasa ni mali yako."

Basi Sajini akaona anabaki nyuma, na mtu wa cheo chake habaki nyuma. Akasimama. Akashika zipu. Mbele ya mashahidi, mchana kweupe, akavua jaketi la kampuni. Ndani alikuwa na fulana iliyoandikwa jina la mbio za hisani ambazo bila shaka hakuzikimbia. Akalikunja jaketi kijeshi, au alivyodhani ni kijeshi, akaliweka juu kabisa.

"Likulindie vitu zako," akasema. "Tutaonana paredi."

Elsie akafunga kifuniko. Kufuli likalia *kak*. Akauvuta ufunguo, akautia kwenye uzi wa raba yake ya mguu wa kushoto, akaufunga mafundo mawili.

"Wamesema sanduku haliruhusiwi," akamwambia baba yake. "Ufunguo hawakusema."

Kifua aliutazama ufunguo ule mdogo juu ya kiatu. Ule mfupa wa samaki rohoni ukateleza kidogo.

"Wazee wote wamenishauri," Elsie akasema. "Wewe huna ushauri?"

Alikuwa nao mwingi usiku kucha. Kuhusu baridi, kuhusu watu, kuhusu kuandika barua. Sasa ulikuwa umetawanyika wote, na kilichobaki ni kile kimoja alichokilipia kwa viatu vyake.

"Wakija kukupima, nyathina, mwanangu," akasema, "kwa chochote. Mbio, maneno makali, usiku. Usibane. Pumua."

Hakuna aliyecheka, ingawa wote walikuwa wanajua.

"Nitapumua, Baba."

Alimkumbatia, na suti ikapata doa la pili, jeupe, begani. Akachukua mkoba, na tiketi yake ambayo baba aliitoa mfukoni. Mama alikuwa steji anamngoja, akasema, na Eldoret shangazi angempokea. Aliwaaga wazee mmoja mmoja kwa mkono, akavuka barabara, akapita meza ya mboga, akashika njia ya steji bila kukimbia. Kwenye kona aligeuka, akainua mguu wa kushoto hewani na kuutikisa. Kisha kona ikamchukua.

Wakabaki wanaitazama kona.

Ndipo simu ikalia. Ililia kwa mbali, kama iko ndani ya kisima, wimbo wa filimbi na ngoma wanaoujua wote kwa sababu huwaamsha kila Sajini anaposinzia benchini.

Sajini akapapasa fulana. Akapapasa suruali. Akalitazama sanduku.

"Wasee," akasema. "Simu yangu iko kwa jaketi."

"Na jaketi?" Wakili akauliza, ingawa alikuwa amekaa juu yake.

"Hiyo ni bibi yangu anauliza unga! Na leo usiku niko kazini! Jaketi ni ya kampuni! Kifua, leta mkasi wa bati, dakika moja tu—"

"Hilo sanduku halikatwi," akasema Balozi.

"Mpaka lini?"

"Si mmekubaliana paredi?"

"Hiyo ni miezi!"

"Kisheria uliweka mwenyewe," Wakili akasema, "kuna mashahidi watatu." Akainama, akakinga macho kwa viganja, akachungulia kiungo cha kifuniko huku simu ikiendelea kuomba msaada humo ndani. "Lakini Kifua, ndugu yangu, hii kazi umefanya. Inalia, na hata mwanga hautoki!"

Sajini alikuwa amepiga magoti, mdomo kwenye bati, akimwambia mkewe kwa sauti kubwa kwamba unga atanunua, atanunua. Mama wa mboga ng'ambo akajifunga leso vizuri, sasa akiwa na hakika kwamba ni matanga.

Kifua alikuwa bado amesimama pale pale, uso kwenye kona, mikono ubavuni, kifua mbele. Tai ilikuwa imekaza shingo. Macho yalikuwa yanaanza kutoka.

Balozi akamimina kikombe cha chai, akaenda nacho mpaka kwake, akamgusa mgongo.

"Kifua," akasema. "Pumua."

Omolo akapumua. Ilimtoka kwa kishindo, na machozi yakaja nayo, akaviacha vyote viende. Kisha akapokea kikombe, akaja akaketi juu ya sanduku pamoja na wenzake.